Ifungueni Hiyo Kamba

Siku ya tisa tangu Mama apatwe na kiharusi, niliingia chumbani kwake baada ya magharibi nikamkuta analia. Nilidhani ni maumivu. Nikamuuliza, "Mama, panauma wapi?" Akatikisa kichwa. Siku hizo maneno yalikuwa yanamtoka vipande vipande, ukitaka kumwelewa sharti uinamishe sikio mdomoni kwake. Nikainama. Akasema, "Sijaswali. Siku tisa. Nikifa usiku huu nitajibu nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Tangu nipate akili sijamwona Mama akipitwa na alfajiri. Sisi wanawe tulizoea kuamshwa na mlio wa maji ya udhu wake kabla ya kuamshwa na adhana. Na sasa siku tisa zilikuwa zimepita, sala arobaini na tano, naye hajasema "Allahu Akbar" hata mara moja ya kufungia sala. Tulikuwa tunajua. Tukanyamaza.

Tulinyamaza kwa sababu mmoja wa watu waliokuja kumjulia hali, mtu mwenye heshima zake na nia njema, alikuwa amemwambia: upande mzima umelala, kutawadha huwezi, nguo haziaminiki tohara, kitanda hakielekei kibla, pumzika, ukipona utalipa. Lilikuwa neno la huruma, na kila aliyekuwepo alilipokea hivyo. Kumbe ndilo lililokuwa linamtafuna kuliko ugonjwa wenyewe.

Usiku uleule nikaenda kwa shehe wetu. Nilimweleza mambo yote, mkono, mguu, ulimi, mpira wa mkojo, kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Akili yake ipo?"

"Ipo, shehe. Tena timamu."

"Basi na sala yake ipo. Nani kamwambia ameondolewa?"

Nimekuwa nikilirudia swali hilo kichwani kwa zaidi ya mwaka sasa. Nani kamwambia ameondolewa. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta ruhusa ya Mama kutoswali. Shehe alinipa ruhusa ya Mama kuswali. Ni vitu viwili vilivyo mbali sana.

Nguzo tano za Uislamu wengi wetu tulizisoma utotoni kwa kuhesabu vidole: shahada, sala, zaka, funga ya Ramadhani, hija kwa mwenye uwezo. Tulizihifadhi kutoka katika hadithi ya Ibn Umar, "Uislamu umejengwa juu ya mambo matano", iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Tukasoma sharti zake, nguzo zake, yanayobatilisha. Ruhusa tulizipitia kwa harakaharaka mwishoni mwa mlango, kana kwamba ni habari za watu wengine: msafiri fulani, mgonjwa fulani, mzee fulani. Mwalimu akifunga kitabu, tunakimbilia nje. Hatukufikiri kuwa siku moja mgonjwa yule angekuwa na sura ya mama yako.

Shehe alinisimulia kisa cha Imran bin Huswain, sahaba wa Mtume (S.A.W.). Alikuwa na bawasiri. Akaenda kumuuliza Mtume aswali vipi, na jibu alilopewa limo katika Bukhari: "Swali ukiwa umesimama, usipoweza, ukiwa umekaa, usipoweza, kwa ubavu." Maneno machache hivyo. Katika maneno hayo hakuna "usipoweza, acha". Mafakihi wakaendelea kushuka ngazi hiyo mpaka chini kabisa: asiyeweza kwa ubavu alale chali, miguu ielekee kibla, kichwa kiinuliwe kwa mto ili uso uelekee, asiyeweza kuinama aashirie kwa kichwa, na ishara ya sijda iwe chini kidogo kuliko ya rukuu, asiyeweza kichwa aashirie kwa macho, asiyeweza macho aipitishe sala moyoni mwake, nguzo baada ya nguzo. Hukumu hii ya mwisho ya kuswali kwa moyo ni ya madhehebu ya Imam Shafi. Nilipoisikia nilishindwa kujizuia nikainamisha uso. Kwa mtu aliyelala hana kiungo hata kimoja kinachomtii, dini haikusema "huyu amekwisha". Ilisema bado ana miadi mara tano kwa siku.

Nikauliza kuhusu tayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo badala ya maji, nikitaraji nitaambiwa nitafute udongo. Shehe akaniuliza kama maji yanamdhuru. Hayamdhuru. Akauliza kama nyumbani kuna mtu wa kumsaidia. Tupo. "Basi udongo wa nini? Yeye atie nia, wewe mtawadhishe. Mikono yako ndiyo mikono yake." Na kuhusu mpira wa mkojo alisema hukumu yake ni ya mtu asiyeweza kuuzuia mkojo: wakati wa sala ukiingia asafishwe kadiri inavyowezekana, atawadhishwe kwa ajili ya faradhi ile, aswali, wala kisimuumize moyo kinachotoka bila hiari yake.

Kesho yake alfajiri mimi na dada yangu tulikigeuza kitanda. Kilikuwa kizito, tukakivuta upande mmoja kisha wa pili, Mama akiwa juu yake kafumba macho. Tukamwekea mito miwili. Dada akashika beseni, mimi nikashika birika. Nilimwambia, "Mama, tia nia." Akatikisa kichwa kuwa tayari. Nikamwosha uso. Nikaushika mkono wake wa kulia, ule uliolala, mzito kama kitu kisicho na mwenyewe, nikapitisha maji mpaka kwenye kiwiko, nikapenyeza vidole vyangu kati ya vidole vyake kimoja kimoja, kwa sababu nilimkumbuka yeye alivyokuwa akinifanyia mimi, akinisisitiza: "Katikati ya vidole, usipakimbie." Kichwa nikampaka. Miguu dada akaimalizia. Kisha tukakaa kando.

Sala ile ilichukua muda mrefu. Rakaa mbili tu. Alikuwa akisoma Fatiha kwa ulimi unaokwama, akikosea herufi anairudia, akikwama kabisa ananyamaza kidogo kisha anaendelea. Alipofika kwenye sijda aliteremsha kope. Ndiyo sijda yake ilikuwa hiyo, kope mbili zinashuka na kupanda. Alipotoa salamu, kichwa kiligeuka upande mmoja, upande wa pili kikakataa, akaumalizia kwa macho.

Usiku ule Mama alilala kwa mara ya kwanza bila kustukastuka.

Tangu hapo nimezisoma ruhusa hizi kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa nyumba yake. Jambo moja limeniingia nalo ndilo nataka kulisema: ruhusa haikuja baadaye kuipunguza faradhi. Zimekuja pamoja. Aya ya udhu na aya ya tayamamu ni aya moja, ya sita katika Suratul Maida. Haijamaliza kukuamrisha maji ila tayari imekwambia ufanye nini ukiyakosa, na inamalizia kwa kusema Mwenyezi Mungu hataki kukutieni katika taabu. Tayamamu yenyewe ililetwa njiani, safarini, pale Bi Aisha alipopoteza kidani chake, jeshi zima likasimama kukitafuta mahali pasipo na maji. Abu Bakr, baba yake, alimkemea kwa kuwachelewesha watu. Kisha aya ikashuka, na Usaid bin Hudhair akasema hiyo si baraka ya kwanza kutoka kwa jamaa ya Abu Bakr. Kidani nacho kikapatikana chini ya ngamia, walipomwinua kuondoka.

Ammar bin Yasir, akiwa safarini, alipatwa na janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga mwili mzima kabla ya kuswali, na maji hakuna. Akawaza kuwa ikiwa josho ni la mwili mzima basi na udongo uwe wa mwili mzima. Akagaragara mchangani kama mnyama. Ni yeye mwenyewe anayesimulia hivyo. Aliporudi kwa Mtume na kumweleza, Mtume hakumgombeza. Alipiga ardhi kwa viganja vyake, akavipuliza, akajipaka uso na mikono, akamwambia hivi tu vingekutosha. Nampenda Ammar kwa kisa hiki. Alikosea kwa bidii, na akarekebishwa kwa upole.

Kipo kisa cha pili ambacho hakina upole, nacho nadhani kila anayependa kutoa fatwa kitandani kwa mgonjwa angekisoma kwanza. Amekipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir. Mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe, kichwa kikapasuka. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake: mnaniona nina ruhusa ya tayamamu? Wakamwambia hatukuoni na ruhusa, na maji unayaweza. Akaoga. Akafa. Habari ilipomfikia Mtume akasema: "Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue. Kwa nini wasiulize ikiwa hawajui? Hakika dawa ya asiyejua ni kuuliza."

Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na dini, tena walikuwa wanamhimiza mwenzao kwenye tohara. Walichokosa ni kuuliza. Yule aliyemwambia Mama asiswali, na sisi tulionyamaza, tulikosa kitu kilekile kwa upande wa pili: wao walimbebesha asichokiweza, sisi tukamnyang'anya alichokiweza.

Ammar huyohuyo ndiye mwenye ruhusa kubwa kuliko zote, ile ya nguzo ya kwanza. Makkah, kabla ya Hijra, makafiri walimtesa yeye na wazazi wake. Mama yake, Sumayya, aliuawa kwa kukataa kuikana shahada yake. Anahesabiwa shahidi wa kwanza katika Uislamu. Ammar akateswa mpaka akatamka walichotaka akitamke. Akaja kwa Mtume analia. Mtume akamuuliza: moyo wako unauonaje? Akasema umetulia katika imani. Akamwambia wakirudia, nawe rudia. Wafasiri wa Qur'ani wanakitaja kisa hiki kwenye Suratun Nahl, aya ya 106, inayomtoa hatiani aliyelazimishwa na hali moyo wake umetua juu ya imani. Mama alikataa, mtoto akachukua ruhusa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelaumiwa.

Hadithi nyingine nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani karibu na kitanda cha Mama. Mtume aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, "Kamba gani hii?" Wakamwambia ni ya Zainab, akichoka kusimama katika sala hujishikiza nayo. Akasema, "Hapana. Ifungueni. Mmoja wenu aswali akiwa na nguvu, akichoka na akae." Imo katika Bukhari na Muslim. Ninapoitafakari naona kuwa Bi Zainab hakuwa akifanya kitu kibaya. Alikuwa akiswali sala za sunna kwa mapenzi makubwa mpaka mwili ukamshinda. Na bado kamba ikafunguliwa. Yale mapenzi hayakuguswa. Kilichoondolewa ni kamba.

Sisemi haya ili kumfanya mtu aione dini kuwa nyepesi kiasi cha kuiweka kando. Hapana. Sala ilifaradhishwa mbinguni usiku wa Miraji, ikaanza ikiwa hamsini, ikapunguzwa kwa Mtume kurudi na kurudi kwa ushauri wa Nabii Musa, mpaka zikabaki tano zenye malipo ya hamsini. Rakaa 17 za faradhi kwa siku, 2 za alfajiri, 4 za adhuhuri, 4 za alasiri, 3 za magharibi, 4 za isha. Msafiri hupunguziwa zile za rakaa nne zikawa mbili, na huruhusiwa kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Lakini hata vitani, adui akiwa mbele, Suratun Nisaa aya ya 102 inaeleza jinsi ya kuswali: kundi moja liswali na Mtume, silaha mkononi, jingine lilinde; kisha wabadilishane. Nani atasoma aya hiyo kisha aseme leo nimebanwa na kazi? Sala inaweza kubadilika umbo mara mia, ila haiondoki madamu akili ipo. Waliosamehewa kabisa wakati wao ni kama mwanamke mwenye hedhi au nifasi, damu ya uzazi, naye wala halipi. Bi Aisha alipoulizwa kwa nini mwenye hedhi analipa funga halipi sala, alijibu kuwa ndivyo walivyoamrishwa.

Nasikitika ninapoona ruhusa ikigeuzwa mto wa kulalia. Mtu mzima mwenye afya anaahirisha alasiri mpaka jua linazama kisha anasema "dini ni nyepesi". Maneno hayo ni ya kweli, ila amemkopa Mama yangu maneno yake. Dini ni nyepesi kwa yule aliyekuwa tayari kuibeba. Kwa asiyetaka kuibeba, hata kope mbili ni nzito.

Katika zaka jambo hili linaonekana waziwazi kwa sababu lina hesabu. Asiye na mali hana zaka; nguzo nzima ya dini haimhusu, na Uislamu wake haupungui hata chembe. Mwenye mali naye hatozwi mpaka mali ifike nisabu, kiwango cha chini cha kutolewa zaka: dinari 20 za dhahabu ambazo ni gramu 85, au dirhamu 200 za fedha ambazo ni gramu 595, na ikae mwaka mzima wa Hijria. Hapo atoe sehemu moja ya arobaini, asilimia 2.5. Mwenye ngamia wanne hadaiwi. Wakifika watano, anatoa mbuzi mmoja. Ila kinachonigusa zaidi ni zaka ya mazao. Mavuno yakifika wasaki 5, ambazo ni pishi 300, yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi. Yaliyonyweshwa kwa kazi ya mtu, kwa kuteka na kubeba maji, hutolewa nusu ya hiyo. Shamba ni lilelile, mavuno ni yaleyale, lakini Sheria imetazama mgongo wa mkulima ikaona jasho, ikampunguzia nusu.

Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimwambia awaeleze watu kuwa Mwenyezi Mungu amewafaradhia sadaka katika mali zao, ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafukara wao. Kisha akamwonya: jiepushe na mali zao zilizo bora kabisa, na uogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hakuna kizuizi. Ndiyo kusema hata mtozaji wa haki ya Mungu anaweza kumdhulumu tajiri. Na upande wa pili, Mtume alipofariki na makabila mengine yakagoma kutoa zaka, Abu Bakr aliapa kuwapiga vita walioitenganisha sala na zaka. Hakulegeza. Ulaini na ukali vinakaa nyumba moja, ukikiondoa kimoja kuta zinabomoka.

Funga ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka 624. Kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, na katika miaka 33 hivi inakuwa imezunguka majira yote. Aliye mbali na ikweta anayefunga mchana mrefu wa kiangazi leo atafunga mchana mfupi wa baridi miaka kadhaa baadaye. Hakuna nchi iliyopangiwa milele upande mgumu. Nadhani watu hawalizungumzi vya kutosha jambo hili. Na aya zinazoifaradhisha, Suratul Baqara 183 mpaka 185, zinamtaja mgonjwa na msafiri, tena zinamrudia mara ya pili, kisha zinasema: Mwenyezi Mungu anakutakieni yaliyo mepesi wala hakutakieni yaliyo mazito.

Ipo hadithi ambayo kila mwaka hunifanya nitabasamu na macho yakanilowa kwa wakati mmoja. Mtu alikuja kwa Mtume akisema nimeangamia, nimemwingilia mke wangu mchana wa Ramadhani. Akaulizwa: una mtumwa wa kumwacha huru? Hana. Unaweza kufunga miezi miwili mfululizo? Hawezi. Unaweza kulisha maskini sitini? Hana. Akakaa. Mtume akaletewa kapu la tende, akamwambia chukua hili ulitoe sadaka. Yule mtu akasema: nimpe aliye fukara kuliko mimi? Wallahi hakuna Madina yote nyumba fukara kuliko yangu. Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana, akamwambia, "Walishe watu wako." Alikuja na dhambi akarudi na kapu. Ila tazama alianza wapi: alikuja mbio akisema ameangamia. Hakuja kuuliza kama kuna njia ya kukwepa.

Hija nayo imefungwa na uwezo ndani ya aya yenyewe, Aal Imran 97. Mtume alihiji baada ya Hijra mara moja tu, mwaka wa 10, na katika safari ile moja kuna ruhusa tele. Mwanamke wa kabila la Khath'am alimjia: baba yangu ni mzee sana, hawezi kukaa juu ya mnyama, je, nimhijie? Akamwambia ndiyo. Bi Sauda, mkewe, alikuwa mwanamke mzito wa mwendo. Akaomba aondoke Muzdalifa usiku kabla ya msongamano, akaruhusiwa. Bi Aisha, aliyebaki mpaka asubuhi, alisema baadaye kuwa laiti naye angeomba kama Sauda. Na siku ya kuchinja watu walimzunguka, huyu kanyoa kabla ya kuchinja, yule kachinja kabla ya kurusha vijiwe, kila mmoja na hofu yake. Hakuulizwa siku ile jambo lolote lililotangulizwa au kucheleweshwa ila alisema, "Fanya, hapana ubaya."

Mama hajahiji. Alikuwa akiweka akiba, kiharusi kikamkuta njiani. Mimi sijajihijia, na Mtume alipomsikia mtu akihiji kwa niaba ya Shubruma, jamaa yake, alimwambia ajihijie mwenyewe kwanza. Kwa hiyo nina safari mbili mbele yangu, yangu na yake, na sijui umri. Nimetia nia zote mbili.

Ramadhani ilipokaribia, Mama alikuwa amepata nafuu ya maneno, mkono bado. Daktari akatuambia kufunga hapana, na kwa hali yake wala tusisubiri mwaka mwingine. Alinyamaza siku nzima. Akaniuliza, "Sasa mimi Ramadhani nitaipokeaje?" Nikamwambia kwa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, apewe maskini. Akasema kibaba atapima mwenyewe.

Kabla ya mwezi kuandama tulimpimia nafaka vibaba 30, pishi saba na nusu, tukaziweka kwenye chombo karibu na kitanda. Kila siku baada ya sala ya alfajiri dada alimshikia kibaba, yeye akachota kwa mkono wa kushoto. Alijaza mpaka juu, akasawazisha kwa upande wa kiganja taratibu, halafu akaongeza konzi moja. Kila siku ile konzi. Dada akimwambia kimeshajaa, anajibu, "Kimejaa cha kwao. Bado changu." Konzi hizo alikuwa akizitoa kwenye fungu lake jingine, zile 30 hazikuguswa.

Jioni ya siku ya 29 tulikuwa tunasubiri habari za mwezi. Zaka ya fitri ya nyumba nzima ilikuwa tayari mlangoni, pishi kwa kila kichwa. Mwezi ukaandama. Tukapiga takbira, dada akaenda kumbusu Mama, kisha akafunika kile chombo. Ndani kilibaki kibaba kimoja, cha siku ya thelathini ambayo haikuwepo.

Mama akaniita. "Hicho nacho kipeleke."

"Mama, hiki hudaiwi. Mwezi umeandama."

"Najua sidaiwi," akasema. "Kipeleke."